Kuziba kwa Sabuni

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa vichwa kasema nisisome, nisishike simu, nisibishane na mtu. Kuandika hakukutaja. Basi naandika. Daftari kaniletea mdogo wangu, lile la vipimo vya madirisha, na penseli butu ya karakana ikiwa imechomekwa ndani.

Niko hai. Hilo kwanza.

Jumatatu nilikuwa nakata bomba la geti la kaka. Miwani ya kazi nimeipandisha kichwani kwa sababu ilikuwa imejaa jasho. Jiwe la grinda likapasuka. Kipande kikanipata juu ya nyusi ya kushoto, kikakaa hapo hapo, kimesimama kama msumari uliopigwa nusu. Maumivu sikusikia. Nilisikia kama mtu kanizaba kofi, nikageuka kumtafuta nimtukane.

Seremala wa jirani akaja mbio na koleo, eti akichomoe. Mwenzangu wa karakana, huyu ninayemwita mzembe kila siku ya Mungu, akampiga mkono, koleo likaruka. Kasema hakiguswi mpaka hospitali. Nikaja nimekaa wima kwenye gari, pembe imenitoka usoni, watu barabarani wanatoa macho.

Leo daktari kaniambia lile koleo lingenimaliza. Kile kipande kilikuwa kimeuziba mshipa. Kitu kama hicho kinatolewa kwenye chumba cha upasuaji, fuvu likiwa limefunguliwa, mshipa unaonekana. Kwa hiyo mwenzangu ananidai shukrani. Leo simpi, atavimba kichwa, na vichwa vilivyovimba hapa vinatosha.

Ijumaa, 7 Machi

Paja linauma kuliko kichwa. Nikauliza kwa nini. Daktari akavuta kiti. Kijana mdogo, macho mekundu ya kukosa usingizi, ananiita mama. Akanichorea.

Wamekitoa kipande. Wameokota vijiti vya mfupa uliovunjika, wamekata nyama iliyokufa, wameosha, wameosha tena. Utando unaofunika ubongo ulikuwa umechanika, wameutia kiraka. Kiraka wamekikata pajani mwangu. Sasa najua.

Kimebaki kijipande cha mfupa, ndani kabisa. Wamekiacha makusudi. Hapo nikapandisha hasira. Nikamwambia kwenye kazi yangu huachi chembe ndani ya bomba. Hakukasirika. Akasema kukifuata ni kutoboa ubongo mara ya pili, na ubongo haupigwi rangi ukasahau. Mtu anayejibu hivyo naweza kumpa karakana yangu.

Anachoogopa ni uchafu. Jiwe liliingia na kutu, grisi, jasho na nywele zangu. Na juu ya nyusi, kumbe mfupa una chumba cha hewa kinachotokea puani. Kwa hiyo kati ya pua yangu na ubongo wangu kuna kiraka cha paja, basi. Ndiyo maana dripu za dawa haziishi. Nisipenge kamasi. Nikipiga chafya nifungue mdomo. Nisiiname, nisibebe, nisiingize kitu chochote puani.

"Yakitoka maji puani, mama, niambie saa hiyo hiyo," alisema. "Maji yakiweza kutoka, vijidudu vinaweza kuingia."

Nisipokuwa na homa wala maji, Jumamosi ya wiki ijayo napewa ruhusa. Mambo rahisi.

Jumapili, 9 Machi

Jirani wa kitanda cha dirishani nimempa jina Mama Redio. Hazimwi. Tangu chai ya asubuhi mpaka taa kuzimwa anatangaza: shemeji zake, mbuzi wa jirani, mchungaji aliyekimbia na kiti cha kanisa. Jana nimecheka mpaka nyuzi zikavuta.

Kisa chake mwenyewe hakichekeshi. Alikuwa anapunguza ua wa nyumbani, kijiti kikamchoma pembeni ya jicho. Jeraha dogo tu. Duka la dawa wakalisafisha juu juu, wakalishona. Usoni likapona vizuri, hata kovu huoni. Kumbe kipande cha mti kimebaki ndani. Miezi ikapita, kikaja kichwa, kutapika, akaanguka kifafa jikoni. Jipu. Ndani ya ubongo! Wamemfungua, wametoa usaha, na bado wanamwangalia.

Sasa maneno yanamponyoka. Leo alikuwa anataka kijiko, akaniambia nimpe ufunguo chai isipoe. Tulicheka wote, yeye wa kwanza. Halafu akageukia dirishani. Nikamkorogea chai.

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu kaja macho yamevimba. Kaka anakuja Jumamosi kumchukua mama. Si kumtembeza, kumchukua moja kwa moja. Eti nyumba yenye mtu aliyetobolewa kichwa si ya kumtunza mzee anayesahau, na mdogo wangu yuko kazini kutwa. Nikiwa nimeruhusiwa siku hiyo, tutakaa tuzungumze. Nisiporuhusiwa, anaondoka naye.

Mama anasahau kila kitu isipokuwa nyumba yake. Anaijua kwa kiganja: ukuta, kabati, mlango wa bafu. Sisi anatuchanganya, mimi kuna siku ni dada yake, kuna siku ni mtoto mchanga. Lakini bafuni hajawahi kukosea. Mara ya mwisho alipokaa kwa kaka, ghorofani huko, alikuwa anapapasa kuta za watu akilia anataka kwenda kwao. Alirudi amekonda, na wiki nzima hakufungua mdomo. Sasa hivi anajua nimesafiri kufunga mageti. Kila jioni anamuuliza mdogo wangu kama nimekula.

Nikadhani hayo ndiyo yote. Mdogo wangu akainuka, akachukua mkoba, akasimama hapo hapo. Akasema, lile geti.

Lile nililokuwa nakata. Kaka aliniambia ni la kuzuia wezi. Nilimuuliza mbona kwenye mchoro komeo liko nje, si mwizi atalivuta mwenyewe? Akacheka, kasema wewe fundi una maneno mengi, tengeneza. Nikatengeneza. Kumbe halikuwa la kumzuia mtu kuingia. Ni la chumba cha mama. Wakienda kazini wanamfungia.

Nilikuwa namjengea mama yangu kizimba. Kwa mikono yangu, na nilikuwa naimba! Nimetetemeka kwa hasira mpaka sista akaja kupima presha, akaniuliza nimekula nini.

Nimeazima simu nikampigia mwenzangu asilimalize. Amelimaliza. Kaka kalichukua jana. Mzembe wa mwaka mzima, ile siku moja ninayoutaka uzembe wake, kawahi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeinama kidogo kutafuta ndala chini ya kitanda. Tone likaanguka juu ya ndala. Limetoka puani, jeupe kama la dripu.

Mafua. Wodi hii ina upepo.

Baadaye. Jingine, wakati nakunywa chai. Nimelilamba. Lina chumvi. Hata kamasi ina chumvi. Mafua tu.

Jumatano, 12 Machi

Si mafua.

Mto umelowa upande mmoja. Nikikaa, yanadondoka. Nikilala chali yanaacha, nasikia chumvi kooni. Mafua hayana utaratibu wa hivyo. Kiraka kimeachia mahali.

Nikisema, najua kinachofuata. Sista alimweleza yule wa kitanda cha mlangoni mbele yetu sote: kulala bila kuinuka, mrija mgongoni wa kupunguza maji, na yasipokoma, kufunguliwa tena. Jumamosi inanikuta nimelala hapa na mrija, na mama anapandishwa ngazi. Yeye kule na komeo lake, mimi huku na langu.

Karakana, gari likija tangi linavuja na mwenyewe ana haraka, tunachukua sabuni ya mche, tunaikanda mpaka inalainika, tunaisugua kwenye ufa. Inashika. Mtu anafika anakokwenda. Nimefanya hivyo mara ngapi!

Basi. Nimechukua pamba kwenye trei ya sista, nikaikanda na mafuta ya kupaka, nikaisukuma juu puani kwa ncha ya penseli. Hii hii ninayoandikia. Macho yakatoka machozi. Imeshika. Nimekaa, nimeinama, hakuna tone.

Ni mpaka Jumamosi tu. Nikishafika nyumbani, kaka akishaondoka mikono mitupu, naitoa na narudi kusema imeanza leo. Hapa ni kujikaza kisabuni. Nimecheka peke yangu, Mama Redio kanitupia jicho.

Kila mwenye gari nilikuwa namwambia hivi: hii ya kukufikisha tu, usije ukadhani umetengenezewa. Nilikuwa nawaambia kwa ukali kabisa. Na mmoja aliwahi kuniuliza, kwani kitatokea nini? Nikamwambia endesha uone.

Alhamisi, 13 Machi

Raundi. Daktari kanikalisha pembeni ya kitanda, kaniambia niiname kichwa kati ya magoti, nikae hivyo. Anaangalia sakafu. Mimi naangalia viatu vyake. Kamba ya kimoja imefungwa fundo la ovyo. Maji nayasikia yanashuka nyuma, kooni, nikawa nameza kidogo kidogo kama mtu anayezuia kilio.

Sakafu kavu.

"Hakuna chochote puani, mama?"

"Hakuna."

Kafurahi yule kijana! Kaniambia mimi ni mgonjwa wake wa mfano, akamwita na mwenzake waje kulitazama jeraha linavyofunga. Nikatabasamu meno yote nje. Nikajiona mchafu.

Aliyeniona jana ni Mama Redio. Sista alipokuja kumbadilishia dripu, alimshika mkono akaanza. Anatafuta maneno, hayaji. Akanionyesha mimi kidole, akagusa pua yake, akagusa tena, macho yamemtoka. Sista akaniuliza mimi, huyu anataka nini? Nikajibu anataka kitambaa cha kufutia pua. Akaletewa kitambaa.

Mama Redio kakikunja, kakiweka juu ya kabati lake, hakukitumia. Tangu hapo redio imezimwa. Ananitazama tu. Nimemwambia ana mambo ya watoto. Nimemwambia ashughulike na kichwa chake. Nilimwambia kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

Mdogo wangu kasema mama leo kakataa chakula. Kasema atakula nikirudi.

Ijumaa, 14 Machi

Kichwa. Si kile cha jeraha, hiki ni kingine, kiko nyuma, kinashuka shingoni.

Dirisha la Mama Redio linanichoma macho. Nimeomba pazia lifungwe. Nimesema nataka usingizi.

Baridi asubuhi. Kipima joto nilikibana nusu nusu kwapani, sista ana haraka, kasoma kapita. Dawa za maumivu nilizoletewa na mdogo wangu nimemeza mbili, halafu nyingine. Nimetoka jasho, nikawa sawa.

Ruhusa imeshaandikwa. Nimeiona kwa macho yangu. Kesho baada ya raundi.

Pamba inanuka. Nimesahau neno la kile kitu cha kufungulia mlango, nikakaa kulitafuta kwa hofu mpaka likaja. Ni uchovu. Nalala.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevaa tangu kulipopambazuka. Kufunga viatu nimeshindwa, shingo haikunji, mdogo wangu kanifungia. Kaniuliza mbona nimekuwa mgumu kama ubao. Nikamwambia vitanda vya hapa. Kaenda dirisha la dawa. Nimekaa nimeupa mwanga mgongo, nasubiri karatasi na dawa za kwenda nazo. Naandika ili mkono utulie. Herufi zinaelea.

Kaka kaja. Hakunisubiri nyumbani, kaja hapa. Na mama yuko naye! Kamshika mkono, na mkono mwingine ana begi la mama, lile la kahawia. Kasema kapita tu tuagane, njia ni ndefu, na nikipona vizuri nitakwenda kuwatembelea. Nikamwambia si tulikubaliana? Nimevaa, nimeruhusiwa, tazama viatu. Akanitazama kweli, juu mpaka chini. "Mdogo wangu," akasema, "wewe hata kichwa hukigeuzi." Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Nilitaka kujibu. Nilitaka kumwambia habari ya komeo mbele ya wodi yote. Nikasimama ghafla, chumba kikazunguka, nikajikuta nimekaa tena, na kitu kimechomoka puani. Pamba. Ya kijani. Imeangukia sketi yangu, na maji nyuma yake, tone kwa tone, na hayakuwa meupe tena.

Mama ndiye aliyesogea. Sikuwa nimejua leo mimi ni nani kwake. Akakaa kitandani kwangu, akachukua kitambaa cha Mama Redio pale juu ya kabati, akanishika kisogo kama tunavyoshikwa tukiwa wadogo, akanifuta.

"Una mafua mwanangu," akasema. "Hawakukuona?"

Mama Redio akaanza kupiga chuma cha kitanda chake kwa kikombe. Hana neno, anapiga tu. Sista kaja, kaona sketi, kaona pamba, kaondoka mbio. Mimi sijawahi kumwona anakimbia.

Naandika kwa sababu nikiacha kuandika itabidi niseme. Mama bado ananifuta. Kila akifuta yanakuja mengine, na haoni ajabu, anakunja kitambaa upande mkavu anaendelea. Kaka kasimama na begi. Nasikia viatu vya daktari.

Daktari kaniuliza. "Mama, haya yameanza lini?"

Mama akamjibu kabla yangu. Kasema tangu mdogo, huyu pua yake haikauki.

Nikasema, Jumanne. Nikasema na pamba niliiweka mwenyewe Jumatano, na alipoangalia sakafu nilikuwa nameza. Hakunigombeza. Ningepata nguvu angenigombeza. Akaweka kiganja nyuma ya kichwa changu akajaribu kukiinamisha, nikapiga kelele. Akamwambia sista maneno mafupi mafupi: maji ya mgongo yapimwe, dawa zote zianze sasa hivi, chumba cha upasuaji waambiwe. Kisha akaniambia mimi, taratibu, kwamba atafanya kila anachoweza. Wiki iliyopita hakuniambia hivyo. Wiki iliyopita alinichorea.

Wameshafungua breki za kitanda. Sista anataka daftari, nimemwambia mstari mmoja.

Kaka kasema, mama twende, gari liko juani. Mama kashika chuma cha kitanda changu kwa mikono miwili. Kasema haendi popote, mwanawe ana mafua. Sista anasema kitanda kitoke. Daktari anasema mama, tafadhali. Kaka kaweka begi chini, kapiga magoti, na ameanza kumbandua vidole kimoja kimoja, polepole, na mama ananitazama mimi, anasubiri niseme